Achana na grupu, rudisha hiyo nywila leo

Usitume. Hiyo meseji ndefu uliyoiandaa kumlipua msimamizi wako kwenye grupu la kazini Jumatatu, ifute. Ila siyo hiyo iliyonitoa mafichoni, maana mimi humu jukwaani huwa nasoma na kupita. Kilichonikurupusha ni sentensi moja uliyoipitisha katikati ya uzi kama vile si kitu: kwamba wewe ni karani wa mkataba ghalani, umeletwa na wakala, na huyo msimamizi, mwajiriwa wa kudumu, akienda chai anakuachia nywila yake upokee mzigo kwenye mfumo kwa jina lake, kwa vile "ukikaza atakupigia debe uajiriwe".

Mkuu. Nimeisoma hapo mara tatu.

Unalalamika kazi anakupa wewe halafu sifa anachukua yeye. Sifa! Siku katoni arobaini zisipoonekana, sifa zote utapewa wewe, tena mbele ya mlinzi wa getini.

Mimi ni fundi umeme. Mwaka 2017 niliingia kiwanda kimoja cha vinywaji hapa Dar kupitia wakala, mkataba wa mwaka mmoja. Ukaisha, nikapewa mwingine wa Januari hadi Desemba 2018. Mshahara 620,000. Kazi yangu kwenye karatasi ilikuwa kubadilisha taa na nyaya chakavu za ofisini na ghalani, basi. Mashine za uzalishaji zilikuwa na mafundi wao wa kudumu, wenye vitambulisho vya bluu. Sisi vyetu vya njano. Mwenye bluu alikula kantini bure, mwenye njano alilipa 1,500 kwa wali maharage uleule, na foleni tulipanga tofauti. Walituita "ndizi". Tulicheka nao, unafanyaje sasa.

Nami kama wewe nilikuwa na wangu wa kunipigia debe. Msimamizi wa zamu, mtu mzima, mcheshi, anakuita "mwanangu". Kila akikutana nami: "Mwanangu, onyesha unajua zaidi ya taa, mwezi wa saba kuna nafasi." Nikaanza kumfanyia vitu vidogo. Leo nimkazie nati, kesho nimwangalie fyuzi, keshokutwa nimjazie daftari la zamu. Hakuna hata kimoja alichoniagiza kwa maandishi. Na mimi sikuomba, nikiona kumwambia mtu mzima "niandikie" ni utovu wa adabu.

Jumamosi ya tarehe 21 Aprili, zamu ya usiku. Mota ya mkanda wa kufungasha ilikuwa inakata kila baada ya dakika kumi. Fundi wa kudumu wa zamu ile alikuwa ametoroka kwenda harusini. Kuna oda ya kuondoka asubuhi. Mzee akaja: "Mwanangu, iruke hiyo ovalodi tumalize mzigo, kesho wenyewe watakuja kuangalia."

Kwa wasio mafundi: ovalodi ni kidude kinachokata umeme mota inapouvuta kupita uwezo wake. Ikikata, kuna kitu kimekwama huko mbele. Kuiruka ni sawa na kumziba mtoto mdomo asilie, bila hata kumgusa kama ana homa. Hili nalijua tangu chuo cha ufundi, VETA, mwaka wa kwanza, nikiwa bado naogopa soketi. Kutojua hakukuwa tatizo langu.

Nikaweka jampa, kipande cha waya, kati ya 95 na 96, zile ncha mbili za ovalodi. Saa saba usiku. Mkanda ukatembea. Mzee akanipiga begani: "Wewe ndiyo fundi, siyo wale wazee wangu." Nikavimba kama andazi.

Saa kumi alfajiri nikasikia harufu ya vanishi ya koili inayoungua. Aliyewahi kuisikia haisahau. Beringi ya giaboksi ilikuwa imeanza kushika tangu jioni, mota ikawa inasukuma ukuta kwa masaa matatu bila kitu cha kuikata. Moshi ukatanda. Kuna dada alikuwa anapanga katoni hatua mbili kutoka pale. Alikimbia akaacha kiatu kimoja. Hakuumia mtu, namshukuru Mungu mpaka leo, na siyo kwa mdomo tu. Angeumia yule, uzi huu ningeuandikia mahali pengine ambako simu haziruhusiwi.

Asubuhi meneja kaja, swali la kwanza: nani kaweka hii? Nikamwangalia mzee. Mzee akaniangalia kama ndiyo kwanza ananiona. "Mimi nilimwambia aangalie tu. Nani alimruhusu kugusa mashine? Si fundi wa taa huyu?"

Mwenye bluu aliyenishikia tochi wakati naweka ile jampa alikuwepo palepale. Akawa anasoma buti zake.

Wa kudumu wale nilikaa mwaka mzima nawachukia. Baadaye nikaambiwa kitu ambacho nikiwa ndani sikukiona: kulikuwa na tetesi kwamba kitengo chote cha matengenezo kinakabidhiwa kwa wakala. Mimi najiona kijana mwenye bidii, wao wanaona barua ya kupunguzwa kazi inatembea kwa miguu yake, imevaa ovaroli. Kila nilipogusa mashine yao nilikuwa nawathibitishia kwamba kazi yao inaweza kufanywa na mtu wa 620,000. Sasa anitetee kwa lipi?

Jumatatu nikaitwa kusaini karatasi. Kiingereza, kurasa mbili. Nikaambiwa "ya bima tu hiyo". Nikasaini. Ndani imeandikwa niliamua mwenyewe, kwa hiari yangu, bila kuelekezwa na mtu. Nimekuja kuisoma miezi mitatu baadaye, mtu mwingine akiwa ndiye anayenitafsiria. Cheka tu, mimi nilishamaliza kucheka.

Ijumaa tarehe 27 barua ikatoka kwa wakala: mkataba umesitishwa. Mshahara wa Aprili wote ukazama kwenye mota. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka ukikatwa kwa uharibifu uandikiwe kwanza sababu na hesabu, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Nilijua hilo lini? Usiniulize.

Sasa tufike kwa yule ambaye nikikutana naye daladala nashuka kabla ya kituo changu. Afisa utumishi wa kiwanda. Msimamizi alinidanganya kwa woga, huyu alinidanganya kwa upole. Akanikalisha, akanipa maji, akasema: "Usikimbilie Tume ya Usuluhishi, utajiharibia jina. Tunalimaliza ndani kwa ndani. Hapa sisi ni familia. Mwezi wa saba kuna nafasi tatu za kudumu." Familia! Familia gani inayokuuzia maharage 1,500?

Nikasubiri. Kila nikipiga: "njoo Jumatatu". Nimekwenda Jumatatu nyingi kuliko mhubiri wa Jumapili. Mei ikaisha, Juni ikaisha. Jumatatu ya baada ya Sabasaba mlinzi akaniambia yule dada afisa utumishi yuko likizo ya mwezi mzima. Nikatoka pale moja kwa moja hadi CMA, ndiyo hiyo Tume ya Usuluhishi, inakopelekwa migogoro ya kazi.

Ilikuwa siku ya 73 tangu barua itoke.

Ukiachishwa kazi una siku 30 za kufungua mgogoro. Migogoro mingine ni siku 60. Mimi nilizipita zote mbili kwa mpigo, nadhani nilitaka kuvunja rekodi. Unaweza kuomba kuongezewa muda, nikaomba, nikaulizwa sababu. "Niliahidiwa." Na nani? "Afisa wa kiwanda." Ndiye mwajiri wako? Hapana, mwajiri wangu ni wakala. Ahadi ilikuwa kwa maandishi? Hapana. Aliyekuwa ananiuliza aliweka kalamu chini taratibu, na nikajua. Ombi likatupwa. Mishahara ya miezi minane iliyobaki, zidisha mwenyewe kwa 620,000, ni milioni 4 na laki 9 na 60 elfu. Hapo sijahesabu ule wa Aprili.

Basi mimi nina kanuni moja tu, na sina nyingine: neno la mdomo la mtu ambaye hasaini mshahara wako, ligeuze maandishi siku hiyohiyo, kabla hujalala. Hata kwa meseji. Hata kwa mistari miwili. Akikataa, usifanye.

Humu kuna wajuaji watakuambia "kuwa mnyenyekevu tu, wa kudumu ndiyo wenye kampuni". Mmoja ameshakuandikia hapo juu. Huyo ndiye mimi wa 2018. Unyenyekevu nilikuwa nao wa kugawa, na haukuwa na saini.

Na unaweza kuandika kwa adabu zote, usijidanganye kwamba ni lazima liwe vita. Kwa kesi yako anza leo hii: "Shikamoo bosi. Kama ulivyonielekeza asubuhi nipokee mzigo kwa nywila yako, naomba nifunguliwe ya kwangu ili kila mtu awe na kumbukumbu yake. Nakala nampa mratibu wetu wa wakala." Hakuna tusi hapo, hakuna hata alama ya mshangao. Huyo mratibu ndiye muhimu, maana anamwakilisha wakala, ndiye mwajiri wako, hata kama ghalani humwoni isipokuwa mwisho wa mwezi. Toa mkataba wako, soma jina la juu kabisa na orodha ya kazi zako. Kama kupokea mzigo hakumo, mwambie wakala kwa maandishi, aulizane na ghala wao kwa wao. Ugomvi wa fahali wawili, wewe kwa nini ujifanye nyasi?

Huna nakala ya mkataba? Idai. Ikifika kwenye mgogoro na mwajiri akashindwa kuleta mkataba au maelezo ya maandishi ya ajira yako, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wake. Hilo liko kwenye sheria ileile, na ni moja ya vitu vichache vilivyoandikwa kana kwamba mtu alitufikiria sisi ndizi. Umesema una miezi minane, vizuri, maana chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja hata hoja ya kuachishwa isivyo halali huwezi kuipeleka.

Halafu hiyo meseji ya grupu. Ngoja nikuulize: ndani yake umeandika kwamba umekuwa ukitumia nywila yake? Najua umeandika, kwa sababu ndiyo hoja yako kubwa. Yaani unataka kukiri kosa kwa maandishi, mbele ya watu sitini, mchana kweupe, halafu yeye ajibu "mimi sijawahi kumpa". Kiwanda kilihitaji karatasi ya kurasa mbili kunipata mimi. Wewe unawaandikia bure.

Najua uliuliza pia habari ya michango yako ya NSSF, na kama uendelee kula nao meza moja, na lingine nimelisahau. NSSF wanajibu wenyewe, nenda dirishani na namba yako. Meza ni tumbo lako.

Kwa taarifa tu, siku hizi mimi nina kitambulisho cha bluu, sehemu nyingine. Tuna kijana wa mkataba, nikimtuma hata kuleta ngazi, baada ya dakika mbili simu inalia: "Shikamoo fundi, kama ulivyonielekeza nilete ngazi ya mita nne..." Inakera hasa. Namjibu kila mara.

Haya, ukishamwandikia msimamizi wako urudi hapa utuambie kajibu nini. Akikujibu "nipigie", usipige.