Maswali na Majibu: Kwa Nini Mpigaji Wetu wa Triple-A Hayumo Kwenye Orodha ya Chipukizi?

SWALI: Kaka, salaam. Naishi Columbus, Ohio, na nikipata nafasi huenda kuwatazama Clippers, timu ya besiboli ya Triple-A, yaani ngazi ya juu kabisa ya ligi ndogo, iliyo chini ya Cleveland Guardians ya ligi kuu. Tuna mpigaji mmoja wa miaka 26, anacheza besi ya kwanza, na karibu kila wiki anaupiga mpira unavuka uzio. Cha ajabu hayumo kwenye orodha yoyote ya chipukizi 100 bora, wakati vijana wa miaka 19 wenye takwimu za kawaida wamejaa humo. Halafu mimi na wenzangu tumepiga hesabu kwamba tukimtoa yeye pamoja na warushaji wawili, wa 12 na wa 15 kwenye orodha ya klabu yetu, tunaweza kupata mlinzi wa nje aliye nyota kutoka timu inayojijenga upya. Kila nikilisema hili nachekwa. Nieleweshe: hawa watu wanapimaje, na hesabu yetu ina kasoro gani?

JIBU: Salaam, ndugu yangu. Takwimu za Triple-A zinakwambia mchezaji amefanya nini. Klabu inayomtaka inalipia atakachofanya, kwa miaka mingapi, kwa mshahara gani, na akisimama wapi uwanjani. Mpigaji wako amefaulu vizuri katika hilo la kwanza. Katika hayo mengine ana vikwazo, na vikwazo vyenyewe havionekani kwenye ubao wa matokeo.

Tuanze na kipimo. Maskauti wa Marekani hupima kila kipaji kwa alama 20 hadi 80, na 50 ni wastani wa ligi kuu. Nasisitiza ligi kuu, kwa sababu wengi hudhani ni wastani wa ligi anayochezea kijana kwa sasa. Mpigaji hupimwa vitu vitano: kuugusa mpira, nguvu, mbio, mkono wa kurushia na ulinzi. Baadhi unaweza kuvipima mwenyewe ukiwa na saa. Mpigaji wa mkono wa kulia akitumia takriban sekunde 4.3 tangu kupiga hadi kukanyaga besi ya kwanza, mbio zake ni 50. Mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, akiupokea mpira na kuufikisha besi ya pili kwa sekunde 2.0, naye yuko kwenye wastani.

Baada ya hapo hutolewa namba moja ya jumla, ya kile kinachotarajiwa awe baadaye. Mwenye 50 anatarajiwa kuanza kila siku, mwenye 60 ni wa kuitwa kwenye mchezo wa nyota, mwenye 45 anagawana nafasi na mwenzake, na mwenye 40 ni wa benchi. Namba hiyo haipatikani kwa kujumlisha vile vitano na kugawanya. Shotistopu, yaani mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, mwenye nguvu ya 40 anaweza kupewa 55 kwa jumla, na mtu wa besi ya kwanza mwenye nguvu ya 60 akaishia 40. Besi ya kwanza ndiko wanakohamishiwa wapigaji wazuri walioshindwa kulinda kwingine, kwa hiyo anayeanzia hapo tangu ligi ndogo anashindana na wote hao, na silaha yake ni rungu peke yake.

Sasa umri. Mfano mzuri kuliko wote ninaoujua umo katika historia ya klabu yako mwenyewe. Julai 2008 Cleveland ilikuwa na CC Sabathia, mrushaji bora mwaka uliotangulia wa ligi ya American, moja ya mbili zinazounda ligi kuu, ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa msimu. Ikampeleka Milwaukee Brewers. Aliyezungumzwa na kila mtu katika malipo hayo alikuwa Matt LaPorta, aliyechaguliwa wa 7 kwenye drafti ya 2007, uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya, na ambaye msimu huo alikuwa ameshapiga mipira 20 ya kuvuka uzio huko Huntsville, timu ya Double-A, ngazi moja chini ya Triple-A. Pamoja naye walikuja warushaji wawili, na mwingine ambaye mkataba ulimwita tu mchezaji atakayetajwa baadaye. Oktoba jina likatoka: Michael Brantley.

Hawa wawili walikuwa wakichezea timu moja, msimu mmoja, mbele ya warushaji walewale. LaPorta alikuwa na miaka 23, mkubwa wa mwili, nguvu zake hazina ubishi. Brantley alikuwa na miaka 21, na hakuwa mtu wa kuvusha mpira uzio. Lakini mchezo baada ya mchezo alikuwa akipewa besi ya bure, ambayo mpigaji hupata mrushaji akikosea mipira minne, mara nyingi kuliko alivyotolewa kwa straiki tatu, yaani mipira aliyoikosa au mizuri aliyoiacha, na hilo kwa kijana wa umri huo katika Double-A ni jambo zito sana. Ina maana jicho lake lilikuwa limeshakomaa, na nguvu za mwili zingekuja na miaka. Na zikaja. Brantley aliitwa kwenye mchezo wa nyota mara 5, na 2014 alishika nafasi ya tatu katika kura za mchezaji bora wa ligi ya American. LaPorta alimaliza safari yake ya ligi kuu 2012, akiwa na mipira 31 tu ya kuvuka uzio.

Ndiyo sababu kijana wa miaka 19 mwenye takwimu za kawaida anampita mtu wako. Akishindana na watu waliomzidi miaka mitatu au minne na bado akajimudu, ana mahali pa kukua. Mwenye miaka 26 katika Triple-A anapambana na wenzake wa rika, na wengi wa warushaji anaowapiga hawajawahi kudumu ligi kuu, hata kama wameshapanda mara moja moja.

Lakini simkatii tamaa mtu wako, na wewe pia usimkatie, maana orodha hukosea. Steven Kwan hakuwahi kutajwa sana miongoni mwa chipukizi 100 bora. Alimalizia msimu wa 2021 hapo hapo Columbus, pengine ulimwona, na 2022 akashika nafasi ya tatu katika kura za mchezaji mpya bora wa ligi yake. Alama yake ilikuwa wazi kwa aliyetaka kuiona: hakuwa mtu wa kutolewa kwa straiki. Kwa hiyo ukirudi uwanjani, tafuta kiti nyuma ya mdakaji na uache kwanza kuhesabu mipira iliyovuka uzio. Tazama straiki zikishafika mbili. Mrushaji atamtupia slaida inayoanza kama imekuja katikati, kisha inashuka nje ya kona ya chini. Je, mabega yanakimbia kabla mikono haijaamua? Au anasimama, anaiacha ipite, anarudi kujipanga? Mpigaji anayeifuata slaida hiyo katika Triple-A ataletewa hiyo tu katika ligi kuu, wiki nzima, mpaka athibitishe kwamba anaweza kuiacha. Kisha angalia analotolewa kwalo: akitolewa kwa straiki tatu karibu mara 30 katika kila zamu 100, wakati wastani wa ligi kuu ni kama 22 au 23, wanunuzi watashika mikoba yao.

Kitu kingine cha kuangalia ni kasi ya mpira ukitoka kwenye rungu. Vipimo vya viwanja vyote vya Triple-A viko wazi kwa umma tangu 2023, na mpira uliopigwa kwa maili 95 kwa saa au zaidi, yaani kama kilomita 153, ndio unaohesabiwa kuwa umepigwa kwa nguvu. Cleveland ilikuwa na Yandy Díaz, aliyekuwa akiupiga mpira kwa kasi kubwa lakini mingi ikienda chini ardhini. Desemba 2018, akiwa na miaka 27, ikampeleka Tampa Bay katika biashara ya timu tatu. Mwaka 2023 alikuwa na wastani wa kupiga wa juu kuliko wapigaji wote wa ligi ya American, .330, yaani mapigo 33 yaliyomfikisha besi katika kila majaribio 100. Tampa ilinunua ile kasi ya mpira, ikavumilia mengine.

Tuje kwenye hesabu yenu ya biashara. Tumezoea soka, ambako klabu inatoa ada ya uhamisho na mambo yanaisha. Besiboli ya Marekani haina ada kama hiyo. Malipo makuu ni wachezaji wenyewe, na chipukizi ndio sarafu. Sarafu hiyo ina thamani kwa sababu ya mkataba. Mchezaji akipanda ligi kuu, klabu inamiliki haki zake kwa miaka 6 ya utumishi. Kwa kawaida mitatu ya mwanzo hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho 2025 kilikuwa dola 760,000. Mitatu inayofuata mshahara huamuliwa kwa usuluhishi iwapo hawakuelewana, na baada ya hapo ni mchezaji huru. Kijana anayetarajiwa kuwa mchezaji wa kila siku kwa miaka 6 ya namna hiyo anaokoa mamilioni mengi. Kwa klabu isiyo na mfuko mkubwa kama Cleveland, hiyo ndiyo njia ya kuishi.

Kasoro ya hesabu yenu ni kujumlisha. Mmechukua watu watatu wa daraja la 40 na 45, mkaona wakiwekwa pamoja wanafikia nyota mmoja wa 60. Timu ya ligi kuu ina nafasi 26, na wanaosimama uwanjani ni 9. Nyota anakaa kwenye nafasi moja. Watatu wa wastani wanakula nafasi tatu, na wenzao wa kiwango hicho kila klabu inao tayari. Tazama walichodai Washington Nationals kumwachia Juan Soto tarehe 2 Agosti 2022, akiwa amebakiza misimu miwili na nusu kabla ya kuwa huru. San Diego iliwatoa CJ Abrams, MacKenzie Gore, James Wood, Robert Hassell III na Jarlin Susana, pamoja na Luke Voit aliyekuwa tayari mchezaji wa ligi kuu. Wood alikuwa na miaka 19, Susana 18. Abrams, Gore na Wood wote wameshaitwa kwenye mchezo wa nyota wakiwa na Washington. Timu inayojijenga upya huomba watu wa aina hiyo: vijana ambao miaka yao 6 itaanza timu ikiwa imeshasimama. Mtu wa miaka 26 wa besi ya kwanza atakuwa amekaribia kuwa huru wakati timu hiyo ndiyo kwanza inaanza kushinda. Mnampelekea asiyemhitaji.

Anayeweza kumhitaji ni timu inayowania ubingwa ambayo mtu wake wa besi ya kwanza ameumia Julai, na inataka mtu wa miezi mitatu bila kutoa kijana wake wa thamani. Hapo mpigaji wenu anaweza kuleta mrushaji wa akiba, au kijana wa mbali wa ligi za chini kabisa. Bei itategemea pia mambo mawili ya karatasi ambayo mashabiki huyasahau. La kwanza ni kama yumo kwenye orodha ya watu 40 ya klabu, yaani wale wanaoruhusiwa kuitwa ligi kuu. La pili ni amebakiza misimu mingapi ya kurudishwa ligi ndogo, maana aliyemo kwenye orodha hiyo ana misimu mitatu tu ya namna hiyo. Ikishakwisha, kumrudisha chini kunalazimu apitishwe kwanza mbele ya klabu nyingine zote, na yeyote anaweza kumnyakua. Mchezaji aliyeishiwa nafasi hizo bei yake hushuka kabla ya msimu kuanza, kwa sababu kila mnunuzi anajua muuzaji amebanwa.

Kama mnataka kubashiri kitu chenye uwezekano, basi acheni Julai na mkae macho katikati ya Novemba. Wakati huo ndio mwisho wa kuwaingiza vijana kwenye orodha ya watu 40. Aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 au chini yake, akishafikisha misimu 5 bila kuingizwa, klabu nyingine inaweza kumchukua katika drafti ya Kanuni ya 5 mwezi Desemba kwa dola 100,000, kwa sharti la kumweka ligi kuu msimu mzima. Wa miaka 19 na zaidi hupewa misimu 4. Klabu zenye orodha iliyojaa hulazimika kuuza.

Novemba 2021 Tampa Bay ilikuwa na mrushaji aitwaye Tobias Myers aliyehitaji nafasi kwenye orodha ya watu 40 mara moja. Ikampeleka Cleveland, ikachukua kijana wa miaka 18 aliyekuwa amecheza ligi ya kiangazi ya Jamhuri ya Dominika tu, ambaye asingehitaji nafasi kwa muda mrefu. Myers alirusha Columbus 2022, mambo hayakumwendea vizuri, na Cleveland ikaachana naye kabla hajaichezea ligi kuu. Yule kijana alikuwa Junior Caminero, aliyevusha mipira 45 mwaka 2025. Kwa hiyo Novemba ikikaribia, hesabuni nafasi zilizobaki kwenye orodha ya Cleveland, kisha tafuteni klabu zilizobanwa zaidi yake, na muulizane ni nani kati ya watu wake asiyeweza kusubiri. Biashara mtakayoibashiri kwa njia hiyo itakuwa ndogo kuliko ile ya nyota wenu wa nje, lakini meneja mkuu wa klabu ataweza kupokea simu yake.