Kwa Binti Yangu, Kuhusu Saa Zilizomo Kwenye Sefu

Tanga

Binti yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na mara ya pili nilimsomea mama yako kwa sauti. Unauliza uziuze au uziweke saa tatu zilizolala kwenye sefu ya nyumba yako huko Dubai: ile Rolex Datejust ya chuma na dhahabu uliyojinunulia ulipopandishwa cheo, ile Cartier Tank aliyokupa mume wako wa kwanza, na Omega ya babu yako. Unasema huzivai ila kwenye harusi, kwamba siku nyingine zote mkononi una ile saa inayohesabu hatua na mapigo ya moyo, kwamba unaogopa kuzikwaruza, na kwamba ukija nyumbani unaona haya kupita Ngamiani umevaa kitu chenye thamani kuliko duka zima la mjomba wako.

Umeniuliza kuhusu kuuza na kuweka, lakini kilichonikaa rohoni tangu juzi ni huo woga na hiyo haya, na hayo ndiyo nitakayoyajibu kwa kirefu.

Habari ya bei nitaipitia haraka. Umeandika kwamba saa hizo ni akiba, na huenda ni kweli, ila umeona mwenyewe jinsi bei za Rolex zilizokwisha kutumika zilivyopaa wakati wa korona hadi mwanzoni mwa 2022, kisha zikateremka, na waliokuwa wamekimbilia kununua wakabaki wanazitazama. Ukiamua kuuza, boksi na karatasi zake viende pamoja na saa, kwa kuwa wanunuzi wa huko Deira, Dubai, hulipa zaidi wakiviona. Na ukishasema ni akiba, ujue umefungua hesabu ya zaka: kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, dhahabu ambayo mwanamke anaivaa kwa kujipamba haitolewi zaka, lakini dhahabu iliyowekwa kwa nia ya akiba huhesabiwa, ikijumlishwa na bangili na mikufu iliyowekwa kwa nia hiyo hiyo, hadi ifike gramu 85. Chuma hakimo. Muulize shekhe wa huko akufafanulie hesabu ya ule mchanganyiko wa chuma na dhahabu, maana mimi nimesoma ya kunitosha tu.

Sasa sikiliza habari ya babu yako, ingawa unaijua kwa kipande, kwa sababu kila nikianza kuisimulia mama yako hunikatiza.

Omega ile, Seamaster ya kujijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, aliinunua Aden mwaka 1958, mwaka niliozaliwa mimi. Aden wakati huo ilikuwa bandari huru, na maduka ya Steamer Point yaliwauzia mabaharia na abiria wa Mfereji wa Suez saa, kamera na redio bila ushuru. Seamaster ilianza kutengenezwa mwaka 1948, ikiwa na mpira mwembamba wa kuzuia maji, na kwa baharia hilo halikuwa pambo. Aliivaa akivuta kamba gatini, akipaka rangi ubavu wa meli, akioga. Alipoacha bahari na kufungua duka lake Barabara ya 12, aliivaa akipima sukari. Igeuze ukiitoa, utazame mgongoni: yule farasi wa baharini aliyechongwa pale amebaki shingo na mkunjo wa mkia, sehemu nyingine zote zimelainika kwa kusuguana na ngozi na jasho la mtu mmoja.

Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine. Sitaki ufikiri kwamba serikali ilikuwa ikipigana na kivuli. Sabuni ilikuwa adimu, sukari adimu, khanga adimu, na walikuwepo kweli waliokuwa wakificha mali ili waiuze kwa bei ya ulanguzi. Lakini hofu haikuchagua. Watu wasio na kosa lolote walitoa vitu vyao nje usiku wakavitupa barabarani, wengine baharini, kwa kukosa risiti tu. Babu yako naye risiti hakuwa nayo. Nani anatunza risiti ya Aden kwa miaka 25? Usiku mmoja baada ya swala ya isha aliivua saa, akaifunga kwa kipande cha khanga, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akaizamisha chini ya debe la mchele. Mimi ndiye niliyemshikia taa.

Hakuna aliyekuja kupekua nyumbani kwetu. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma mpaka leo. Hakuja askari, hakuja mgambo, hakuja mjumbe. Sokoine akafariki Aprili 1984, biashara ikaanza kulegezwa, mwaka 1985 akaingia Mzee Mwinyi, maduka yakajaa, na vijana wakawa wanatembea na saa za kila namna, lakini babu yako hakuichimbua saa yake. Nilimwambia, "Baba, mambo yamekwisha." Akanijibu kwamba mkono umeshazoea. Mkono ulikuwa haujazoea hata kidogo, kwani nilimwona kwa macho yangu nyuma ya kaunta akiinua mkono wa kushoto, akiutazama, kisha akimwuliza mteja saa ngapi.

Alinipa siku ya nikaha yangu, nami nikaipeleka kwa fundi saa mmoja aliyekuwa akikaa barazani na lenzi yake jichoni. Aliifungua, akanionyesha kwa ncha ya kibano jinsi mafuta yalivyoganda yakawa kama gundi kwenye vigurudumu, akasema mashine haijachakaa, imelala. Tangu hapo nimekuwa nikisema, nawe umenisikia tangu utotoni: saa huharibika kwa kulala kuliko kwa kutembea.

Fundi mwingine, kijana wa Mombasa, aliwahi kunipinga, na hoja yake naiheshimu. Alisema mafuta ya siku hizi hayagandi upesi kama ya zamani, kwamba saa iliyosimama haisagiki, na kwamba mpira wa kuzuia maji huzeeka tu, saa iwe mkononi au kabatini. Haya yote ni kweli, na yakisimama peke yake, sefu yako haina ubaya. Lakini yeye alikuwa anazungumzia mashine, na mimi nilikuwa namkumbuka mtu aliyeficha kitu chake cha halali kwa hofu iliyokuwa na sababu, kisha sababu ikaondoka na hofu ikabaki nyumbani. Ndiyo maana bado nasema huharibika kwa kulala.

Je, nakulinganisha wewe na babu yako isivyo haki? Huenda. Wewe hakuna anayekutisha. Hata hivyo, Datejust ni jasho lako, na mikwaruzo itakayoingia kwenye mkanda wake itakuwa ya maisha yako mwenyewe. Watu wa Ngamiani wanakujua tangu ukitumwa chumvi. Hawatakuchukia kwa saa. Wizi ni jambo jingine, na hapo tahadhari yako naiunga mkono: usiivae juu ya bodaboda usiku.

Ile Tank inaendeshwa na betri. Kama itaendelea kukaa, mwambie fundi aitoe betri, maana ikivuja itaila mashine. Kuhusu aliyekupa, msimamo wangu unaujua. Mama yako anasema zawadi haina kosa la mtoaji, na nimelala nikilifikiria neno hilo, na asubuhi nimeona lina uzito kuliko nilivyotaka liwe nao.

Hukumu ninayo. Imenikaa ulimini tangu nianze kuandika, na nimeifuta mara kadhaa ilipokuwa imekwisha kuingia kwenye karatasi. Lakini mali ni yako, na mimi nilipokupa Omega siku ya mahafali yako sikukuwekea sharti, kwa hiyo sina haki ya kuliweka leo. Nitakuomba kitu kimoja tu, ambacho hakikuzuii kuuza wala kuweka: kabla hujaamua, ivae kila moja wiki nzima, kazini na sokoni, pasipo harusi yoyote, kisha ndipo uniulize tena.

Na hiyo Omega, ipeleke kwanza kwa fundi anayezijua saa za miaka hiyo, aisafishe, atie mafuta mapya, abadilishe mpira. Mwambie kabla hajaigusa kwamba asiing'arishe, hasa mgongoni. Wengi hung'arisha bila kuuliza wakidhani wanakufanyia hisani. Gharama tutagawana, nijulishe bei kabla hujalipa. Mama yako anakusalimu na anauliza watoto watafunga shule lini.

Ni mimi baba yako