Corona ilipoingia, wazee wetu wa Longido hawakuanza na dawa

Mleta uzi umeuliza jamii za asili zilitumia mitishamba gani kupambana na corona, ukaomba tukupe orodha ya miti. Mkuu, miti nitaitaja, ila ukiondoka na orodha tu utakuwa umeacha kitu chenyewe. Nakueleza nilichokiona kwetu, Umasaini, wilaya ya Longido.

Nilikuwa naendesha watalii Arusha. Tarehe 16 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza nchini akatangazwa, tena hapo hapo Arusha. Shule zikafungwa, na safari zote nilizokuwa nimepangiwa zikafutwa. Mwisho wa mwezi nikarudi nyumbani. Nilifika jioni, ng'ombe ndiyo wanaingia. Kwetu kijana akimkuta mzee anainamisha kichwa, mzee anaweka kiganja juu yake, ndiyo salamu. Nikainama pale kwenye lango la miiba nikasubiri mkono. Haukuja. Babu alikuwa amesimama hatua kama kumi, akasema, "Nimekuona, mjukuu wangu. Kaa hapo hapo."

Yeyo, yaani mama, akaleta maziwa kwenye kibuyu, akakiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma ndipo nikakichukua. Akaniambia hicho kibuyu sasa ni changu, nisikirudishe ndani. Nikalala kwenye kibanda cha wachungaji nje ya boma, upande ambao upepo wake hauelekei kwa watu. Redioni walikuwa wanasema siku 14. Babu hakuzihesabu, alisema mpaka mwezi mwingine uandame.

Siku za kwanza niliumia sana. Kufukuzwa mlangoni kwenu ni kitu kizito, nyie mliopitia mnajua. Siku moja nikamuuliza kwa mbali, babu, haya nani amekufundisha? Akanijibu, "Ng'ombe uliyemnunua mnadani, unamwingiza zizini siku hiyo hiyo?"

Mkuu, jibu lako liko kwenye hilo swali. Mfugaji amekaa na magonjwa ya kuambukiza miaka yote kupitia mifugo. Chukua ugonjwa wa nyumbu. Nyumbu wakianza kuzaa, kwenye Januari mpaka Machi, wazee wanaondoa ng'ombe kwenye mbuga hizo hata kama ndiko kwenye majani mazuri kuliko kote, kwa sababu ng'ombe akishaupata ni nadra apone. Wazee wanaamini unatoka kwenye kondo la nyuma la nyumbu. Wataalamu wa mifugo walipochunguza wakakuta ni kirusi kinachotoka puani na machoni mwa ndama wa nyumbu. Kwa hiyo maelezo ya wazee yalikosea, lakini umbali walioweka na majira waliyochagua vilikuwa sahihi. Mimi hili linanigusa mno, maana watu waliosoma wanapenda kutupima kwa maelezo yetu wakati tungepimwa kwa tunachofanya.

Ndicho walichofanya na corona. Laigwanani, yaani kiongozi wetu wa kimila, na wazee walikaa chini ya mti, wametawanyika kuliko kawaida, wakakubaliana. Mifugo mingi ipelekwe ronjo, yaani kambi za malisho za mbali, na vijana wakae huko huko. Anayekwenda mnadani awe mtu mmoja kwa kila boma, akirudi akae nje. Sisi tuko jirani na Namanga, mji wa mpakani na Kenya, malori yanapita mchana na usiku, na Mei ile mpaka ulikuwa na vurugu za vipimo vya madereva hadi Kenya ikaufunga kwa watu, ikabakiza mizigo. Hatukuwa na namna ya kujua nani kabeba nini. Takwimu za taifa nazo zilisimama kwenye wagonjwa 509, baada ya hapo kila boma likajiamulia.

Kilichowasumbua wazee kuliko vyote ni baraka. Mmasai anabariki kwa mate. Mtoto akizaliwa, mtu akisafiri, mzee anakutemea mate kidogo kwa upendo. Kumwambia mzee aache ni kama kumwambia asikupende. Kwetu hakuna aliyewaamuru. Walitafuta wenyewe, wakachukua njia nyingine ambayo nayo ni yetu tangu zamani: kuchovya majani mabichi kwenye maziwa na kunyunyiza. Nilipotoka kibandani nilibarikiwa hivyo, maziwa yakanidondokea mabegani.

Haya, miti. Supu ya osokonoi ilinywewa sana, ganda lake linawasha kama pilipili na ni dawa ya kikohozi tangu enzi. Oloisuki pia, na ganda la olkiloriti kwenye supu ya nyama. Kujifukiza kulikuwepo kila mahali, nchi nzima ilipiga nyungu mwaka ule. Vilisaidia? Kifua kinafunguka, mwili unapata joto, mgonjwa anakunywa maji na anaona anahudumiwa. Hayo nayakubali. Kwamba viliua corona sikuona, na sitakudanganya. (Na wanaobandua osokonoi kuzunguka shina lote kwa ajili ya kuuza mjini wanaua mti. Mzee anachukua upande mmoja, tena kidogo.)

Boma moja la jirani mzee alianza kubanwa na pumzi. Watoto wake walimfukiza na kumpa supu siku tano, kwa nia njema kabisa. Walipotafuta gari alikuwa hawezi kukaa, akafia njiani. Alihitaji oksijeni. Ningekuwa na uwezo wa kurudisha siku moja ya mwaka ule ingekuwa ile ya kwanza aliposema kifua kinabana. Kwa hiyo ukiandika kuhusu mitishamba, tafadhali andika na hili.

Kanuni za namna hii hazipo kwetu tu. Ebola ilipoingia Gulu, Uganda, mwaka 2000, Waacholi walikuwa na taratibu za ugonjwa wa mlipuko wanaouita gemo: mgonjwa anatengwa kwenye nyumba yake, mbele ya nyumba yanasimamishwa mabua mawili marefu ya mabingobingo ili mpita njia ajue, na anayemhudumia ni mtu aliyewahi kuugua akapona. Waliougua ni 425 na waliofariki 224, akiwemo Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor. Angalia hapo, taratibu za wazee na hospitali zilifanya kazi bega kwa bega.

Chanjo zilipokuja, Julai 2021, vijana ndio tuliosita. Babu alikwenda zahanati kwa miguu. Alituambia kwamba zamani ng'ombe wakipata olkipiei, ile homa ya mapafu, wazee walikata kipande cha pafu la ng'ombe aliyekufa wakakipachika chini ya ngozi ya pua ya walio wazima, wakavimba kidogo, wengi wakabaki hai. "Hii ni ile ile," akasema, "ila sindano ni safi zaidi."

Jambo moja linaloniuma: ronjo inahitaji ardhi. Tuliweza kutawanyika kwa sababu tulikuwa na pa kwenda. Mwaka 2022 wenzetu wa Loliondo waliwekewa vigingi vya mpaka wa hifadhi kwenye kilomita za mraba 1,500 za malisho. Siku ugonjwa mwingine ukija, uwafundishe nini kuhusu kukaa mbalimbali watu waliobanwa sehemu moja?

Ukija Longido kwa utafiti wako, usianze na swali la dawa, watakupa majina ya miti mkaagana. Waulize ng'ombe akianza kukohoa zizini wanafanya nini usiku huo. Nenda na sukari na majani ya chai, utakaa mpaka usiku.