Faili za ofisini zisisafiri wazi kwenye mtandao

Kazi ya kuhudumia kompyuta za ofisi ndogo hapa Dodoma, kuanzia zahanati hadi ofisi za uhasibu za Area C, imenikutanisha mara nyingi na imani moja ya hatari: kwamba faili inayotoka kompyuta ya chumba kimoja kwenda seva ya chumba cha pili haiwezi kusomwa na mtu mwingine kwa kuwa haijatoka nje ya jengo.

Ofisi nyingi za namna hiyo bado hutumia FTP, njia ya zamani ya kuhamisha faili kati ya kompyuta, ambayo kanuni zake zilichapishwa mwaka 1985, na ambayo husafirisha jina la mtumiaji, nywila na faili yenyewe bila kuficha chochote. Mtu aliyeingia kwenye mtandao huo, akiwa na programu ya bure ya kunasa mawasiliano kama Wireshark, anaweza kuvisoma vyote. Swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi na kupeleka kila ujumbe kwa mlengwa wake, nayo si kinga ya kutegemewa, kwa sababu kompyuta ya mdukuzi inaweza kujitangaza kwa wenzake kuwa ndiyo ruta, yaani kifaa cha kupitishia mawasiliano, nazo zikampitishia mawasiliano yao. Kwa ruhusa ya mwenye ofisi, mimi hunasa mawasiliano ya kompyuta zake na kumwonyesha nywila yake ikiwa wazi kwenye skrini; sijapata maelezo yanayoshawishi kuliko hayo. Ruhusa hiyo ni ya lazima, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaharamisha kunasa mawasiliano ya watu kinyume cha sheria.

Ninachoshauri ni kuhamia SFTP, ambayo hupitisha faili ndani ya SSH, njia ya mawasiliano yenye usimbaji, yaani inayogeuza data isisomeke na asiyehusika. Tatu Ylönen aliibuni SSH nchini Finland mwaka 1995, baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo kikuu chake. Gharama si kisingizio: OpenSSH, programu inayotoa huduma ya SSH, ni ya bure, na programu za kuhamishia faili za FileZilla na WinSCP zote zinaifahamu SFTP. Kwa mafolda ya pamoja ya Windows, SMB, njia ambayo Windows hutumia kushirikishana faili, kuanzia toleo la 3 ina usimbaji, ila mara nyingi fundi hulazimika kuuwasha mwenyewe.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni alama ya utambulisho ya seva. Mara ya kwanza unapounganisha, programu hukuonyesha mfululizo wa herufi na tarakimu, kisha huuliza kama unaiamini seva hiyo, na watu wengi hubonyeza ndiyo bila kusoma. Ukikubali alama ya mdukuzi aliyejiweka katikati, usimbaji utafanya kazi yake barabara, lakini utakuwa unazungumza naye kwa siri badala ya kuzungumza na seva yako. Kwa hiyo, fundi aisome alama hiyo akiwa ameketi mbele ya seva yenyewe, aichapishe kwenye karatasi, kila mtumiaji ailinganishe kabla ya kukubali. Na siku programu itakapoonya kuwa alama imebadilika, kazi isimame hadi sababu ijulikane.

Zahanati, zinazotunza taarifa za wagonjwa, zina wajibu mzito zaidi, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawataka wanaohifadhi taarifa za watu wazilinde.

Uhamisho ukikamilika, zima huduma ya FTP kwenye seva, funga mlango wa 21, yaani namba ya mtandao ambayo FTP hupokelea mawasiliano, kisha badilisha kila nywila iliyowahi kupita humo, hata ile unayodhani hakuna aliyeiona.