Santuri za Marehemu Babu

SWALI: Shikamoo Bibi. Sandukuni mwa marehemu babu, hapa Ng'ambo, mjini Zanzibar, nimekuta santuri nane kongwe za taarab na picha za wapiga ganuni, ile ala ya nyuzi. Nizifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Tangu mwimbaji wetu wa taarab Siti binti Saad aende Bombay kurekodi mwaka 1928, santuri ngapi zimevunjikia majumbani mwetu! Usizifute kwa spiriti, huyeyusha shelaki, ile gundi ngumu iliyotengenezewa santuri za zamani. Zisimamishe kama vitabu, usizirundike. Lakini picha ndizo zinazonitia wasiwasi: leo hii kaa na bibi yako akutajie wapigaji, yupi alikuwa katika kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa, uyaandike majina nyuma kwa penseli laini. Wino hupenya. Kisha nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, ukazungumze nao juu ya kuzihifadhi.