Jibu: Nimehamia Birmingham, Alabama, nijumuike wapi?

Dada, umeuliza watu wa LGBTQ hapa hukutana wapi na kama ni lazima unywe pombe. Si lazima, soda inatosha. Usiku anzia kwenye baa zetu, Al's on Seventh au The Quest Club. Angalia ratiba zao kabla hujatoka. Beba pasipoti yenyewe, maana baunsa anaweza kukataa picha ya kwenye simu, na pombe ni kuanzia miaka 21. Chenji noti za dola 1 za kutuza wasanii mapema, kama 20 hivi. Msanii wa dragi (anayetumbuiza kwa wigi, gauni na vipodozi, mara nyingi mwanaume) akipita karibu, ikunje noti kwa urefu, inyooshe, aichukue mwenyewe. Wigi na gauni usiguse. Tafadhali sana, usipige picha za wateja: wapo ambao kazini na kanisani hawajajulikana, na picha moja inaweza kumharibia mtu maisha. Basi za usiku usizitegemee, tenga nauli ya teksi.

Ila urafiki wa kudumu hupatikana mchana. Nenda ukajitolee Birmingham AIDS Outreach, shirika la kusaidia watu wenye VVU, lipo tangu 1985. Vijana wana kituo cha LGBTQ, Magic City Acceptance Center. Juni kuna Pride, sherehe za LGBTQ za kila mwaka. Jiandikishe mapema kusaidia, utatoka na namba za watu.