Mgeni wangu alikuwa mama mdogo

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Ukiwa na mgeni Zanzibar na unataka kumpeleka baharini akatazame matumbawe, utampandisha boti ya watu wengi au ya watu wachache? Kwa nini?" Nimelisoma ndani ya daladala, natoka Mwanakwerekwe naelekea kwetu Jambiani, na hadi tunafika Kitogani nilikuwa nimeshalijibu mara tatu kimoyomoyo, kila mara kwa hasira zaidi.

Jibu ni watu wachache. Hilo silijadili. Lakini kilichonichoma si wingi wala uchache, ni hilo neno "mgeni". Mmeandika kana kwamba aliyezaliwa huku hana haja ya kutazama kilichomo baharini mwake, keshakiona. Nani kakiona? Sisi wa pwani ya mashariki bahari tunaijua kwa nyayo na kwa sahani. Pono tunamjua akishakaangwa. Wavulana walifundishwa kuogelea kwa kusukumwa majini. Sisi wasichana tuliambiwa maji yakifika kiunoni rudi. Mimi nimevaa miwani ya kuzamia kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka thelathini na nne, nimeshaajiriwa mjini.

Na hiyo mara ya kwanza ilikuwa boti kubwa, safari ya ofisini, tuko thelathini na ushei. Muziki tangu kuondoka mpaka kurudi. Nanga ilitupwa tu ilipotupwa, tukaisikia inavyoburura juu ya matumbawe. Vijana wa boti wakamwaga mikate kuita samaki. Wenzangu wawili wasiojua kuogelea walipochoka wakasimama na mapezi yao juu ya tumbawe la mviringo, kubwa kama meza, nao wanapiga soga. Tumbawe la namna ile hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka. Lilianza kabla mimi sijazaliwa. Hakuna aliyewaambia kitu. Nikasema moyoni, kama huku ndiko kutazama matumbawe, basi.

Mpaka Januari ile na mama mdogo.

Mama mdogo wangu analima mwani. Kilimo hicho kilianza kwetu na Paje mwaka 1989, naye wakati huo alikuwa msichana, hajaolewa. Zaidi ya miaka thelathini anainama kwenye maji yale yale, anapigilia vigingi, anatandaza kamba, anafunga, anavuna, anabeba. Mgongo wake ndio ushahidi. Siku moja nilikuwa nyumbani likizo nikamwambia twende na ngalawa tukatazame mwambani. Akanitazama kama nimemwambia twende tukatazame jikoni.

"Nikatazame nini kule?"

"Samaki."

"Niko nao."

Nilimshika kwa kalenda. Bahari yetu mnaijua: ikiwa bamvua, maji yanapwa mpaka unatembea kwa miguu karibu na mwamba, na ndio siku zake za shamba, hapatikani hata kwa maiti. Maji mafu ndiyo yake ya kupumzika. Hayapwi vya kutosha kufanya kazi ya mwani. Na siku hizo hizo ndizo nzuri kwa ngalawa, maana ndani ya mwamba maji yapo mchana kutwa na mkondo hauna kiburi. Kwa hiyo hakuwa na udhuru. Akasema atakuja kukaa tu ndani ya chombo.

Nahodha alikuwa kijana wa mtaa wa chini, amekwishapata wageni wanne: mtu na mkewe kutoka Italia, na baba mmoja wa Poland na binti yake wa miaka kumi hivi. Sisi wawili tukatimiza sita. Kuhusu nauli akanivuta pembeni akasema wageni wanalipa kamili, sisi tutatoa cha mafuta tu. Ngalawa ya tanga, mafuta gani? Nikatoa.

Mama mdogo kavaa dera, suruali ya kubana chini yake, kanga kichwani, yeboyebo miguuni. Juu ya yote hayo akavalishwa jaketi la kuokolea la rangi ya chungwa. Akakaa akimtazama nahodha.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

Akamtaja babake.

"Ahaa. Bibi yako kaazima ndoo yangu tangu Ramadhani. Mwambie."

Safari ikaanza hivyo, na nahodha hakuleta jeuri tena mpaka tunarudi. Boti ya faiba yenye mashine mbili na kepteni kutoka sijui wapi isingekuwa na mazungumzo haya. Hili nalitia kwenye hesabu ya watu wachache, ingawa sasa naona si suala la uchache hasa.

Tukapita juu ya mashamba ya mwani, kamba zinaonekana chini zikinesanesa. Yule Mtaliano akauliza vile vijiti ni vya nini. Nahodha akaeleza kwa Kitaliano chake cha pwani. Mama mdogo akanigusa: kasema nini? Nikamwambia, kasema mwani wenu unakwenda nje unatiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Akanyamaza kidogo. "Mimi aiskrimu mwaka huu sijala."

Karibu na mwamba nahodha akateremsha tanga. Hakutupa nanga. Alitafuta mahali penye mchanga mtupu, akaruka, akaenda kuiweka kwa mkono, akarudi juu kuhakikisha kamba haipiti juu ya tumbawe. Dakika tano nzima. Wageni wakajitosa. Mama mdogo akabaki amekaa kama alivyoahidi, mikono magotini, anasikiliza mawimbi yanavyovunjika upande wa pili.

Sijui nini kilimbadilisha. Nadhani ni yule mtoto, maana kila dakika alikuwa akiinua kichwa anapiga ukelele na kurudi chini, na mama mdogo hawezi kuvumilia mtoto anajua jambo asilolijua yeye. Akasema nipeni hiyo miwani. Nahodha akamwambia kwanza atemee mate kioo kisije kikapata ukungu. "Niteme mate kwenye kitu ninachokiweka usoni?" Akatema, amegeuza kichwa ili wageni wasimwone.

Kuogelea hajui. Nahodha akafunga kamba kwenye dumu tupu la lita ishirini, akampa alikumbatie, ncha ya kamba akaishika yeye. Bismillahi, akateremka kwa ngazi, dera likamfura pembeni kama mwavuli. Mara ya kwanza alimeza chumvi akapanda juu anakohoa na kunilaani mimi. Mara ya pili alitia uso, akatulia. Akatulia sana. Nikaogopa nikamwita, hakuitika. Nikaona mkono umetoka kwenye dumu, unaonyesha chini.

Nahodha akazama, akarudi: hakuna kitu, bi mkubwa, mwamba tu. Mama mdogo akainua uso, bomba la kupumulia bado liko mdomoni, akalitoa kwa hasira. "Mwamba? Pweza huyo! Hamwoni kaweka taka mlangoni?" Kweli, mbele ya tundu palikuwa na magamba ya kaa na vikombe vya chaza vimelundikwa, na pweza ndivyo alivyo, akila anatupa mlangoni. Hilo mama mdogo analijua tangu utoto, wanawake wetu wanatafuta pweza kwa miguu kila bamvua. Ila siku zote alikuwa anamjua kutoka juu, maji ya kifundoni, kwa ncha ya kijiti. Sasa alikuwa anamtazama uso kwa uso. Yule mtoto wa Kipoland ndiye aliyemwona wa kwanza baada yake, na pale pale pweza akabadilika rangi, kutoka rangi ya jiwe akawa mwekundu mweusi, kisha akapauka.

"Kilo na nusu," mama mdogo akasema. "Na kijiti changu nimekiacha nyumbani."

Wageni wakauliza bibi amesemaje. Nahodha akawajibu amesema ni kiumbe mzuri mno. Wakampigia makofi humo humo majini. Mimi nilikunywa maji kwa kicheko. Na sikumlaumu nahodha, ingawa jioni ile ile wale mtu na mkewe niliwaona ufukweni wanakula pweza wa nazi, na pengine alitoka mikononi mwa jirani yetu.

Kutoka hapo mtoto hakumwacha. Walikwenda dumu moja, mmoja huku mmoja huku. Mama mdogo akiinua kichwa anataja jina, mtoto anarudia: kikande, kitatange, changu. Mtoto akapiga mbizi akarudi na kiti cha pweza mkononi, kile kiumbe cha umbo la nyota, chekundu, babake tayari ana kamera. Mama mdogo akampiga kibao cha mkono, kidogo tu, kama anavyompiga mjukuu. "Rudisha. Kiti cha mwenyewe hicho." Nahodha safari hii alitafsiri sawasawa. Mtoto akakirudisha alipokitoa.

Tuliporudi ndani ya ngalawa mama mdogo alikaa kimya, anatetemeka, kanga imelowa. Kisha akaniuliza mbona matumbawe mengi kule ni meupe na yamevunjika. Nikamweleza ninalolijua: mwaka 1998 bahari ilipata joto, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yakapauka yakafa, na 2016 yakapauka tena. Akasema kotonii yake, ile aina ya mwani yenye bei nzuri, nayo ilianza kumfia hivyo hivyo, inakuwa nyeupe inakatika, ikabaki aina ya spinosamu peke yake, ambayo bei yake ni ya kuchekesha. "Maji yale yale," akasema. Mimi nimesoma, na nilikuwa sijawahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja.

Naam, mnaona nimekula karatasi yote kwa siku moja. Lakini nilitaka kusema: kwenye boti ya watu thelathini nani angemshikia kamba? Nani angengoja dakika tano za nanga?

Hata hivyo, Mhariri, nimeandika mpaka hapa nimesita. Mwaka juzi nilikwenda Mnemba. Kile kisiwa kilichoelekeana na Muyuni kina hoteli, mtu wa kupita hakanyagi, lakini bahari inayokizunguka ni eneo la hifadhi tangu 2002 na boti za ziara zinakwenda kila siku. Boti yetu ilikuwa na watu saba. Safi kabisa. Ya jirani ilikuwa na watu sita. Ya pili yake wanane. Nilihesabu boti thelathini na mbili nikaacha, maana moshi wa mashine uliniumiza macho. Zote ndogo, kila moja imempa mteja wake "kundi dogo" na kila moja ina nanga yake. Walipotokea pomboo zote ziliwasha mashine kwa pamoja. Mule majini nilipigwa teke na mtu ambaye si wa boti yangu wala ya jirani yangu.

Na mwanangu alikwenda Chumbe na shule, darasa zima. Chumbe ni kisiwa, hifadhi tangu 1994, havuliwi hata samaki mmoja, na wageni wa kulala wana nyumba saba tu. Kundi la mwanangu lilikuwa kubwa kuliko letu la ngalawa mara kadhaa. Alirudi anajua tofauti ya tumbawe na jani la bahari, na anamkemea babake kwa mfuko wa plastiki. Hakuna aliyesimama juu ya tumbawe, maana kabla ya kulowa walifundishwa. Basi uchache wetu unasaidia nini hapo?

Kwa hiyo, najua nilianza kwa kusema silijadili. Kwa Mnemba, mimi sasa ningechagua boti kubwa. Boti tatu kubwa badala ya thelathini ndogo, zifungwe kwenye maboya, muziki uzimwe, mikate iliwe na watu, na asiyejua kuogelea apewe cha kushika kabla hajajipatia tumbawe la kusimama. Kama hayo hayawezekani, na kwa ninavyotujua sijui kama yanawezekana, basi bora mgeni wenu abaki ufukweni anywe madafu. Kwa Jambiani, ngalawa, mradi nahodha awe mtu ambaye bibi yake anadaiwa ndoo na mtu fulani kijijini. Huko kwengine sina la kusema. Kisite na Wasini, kule Kenya, wenye nako wajibu.

Mama mdogo amenipigia juzi. Kaniuliza maji mafu ya mwezi ujao yataangukia siku gani, na kama ile miwani inauzwa. Anataka kurudi, na safari hii anakuja na kijiti chake. Nimemwambia nahodha. Amekataa katakata, kisha akauliza kama ndoo ikirudishwa kijiti kinaweza kubaki nyumbani.